Muuza Kufuli katika Hoteli ya Vitabu

Bhabatosh Kundu alikuwa muuza makufuli. Si makufuli peke yake, maana dukani kwake, kwenye uchochoro ulio nyuma ya stesheni ya Bardhaman, ulipata pia bawaba, makomeo, vitasa, misumari ya kila urefu na vikopo vya mafuta ya mashine. Lakini watu hupenda kufupisha mambo, wakamwita Kundu Kufuli, naye akaitika. Duka lilikuwa la baba yake. Mzee alipopooza upande mmoja, Bhabatosh alitolewa shuleni hata ndevu hazijamwota sawasawa, akakalishwa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, na tangu hapo hakukiacha isipokuwa kwa chakula, arusi za watu na mechi za kriketi.

Kusoma alijua. Gazeti alilimaliza kila asubuhi, akianzia ukurasa wa nyuma wa michezo na kurudi mbele kwa kujilazimisha. Kilichomshinda ni kitabu. Alipata kujaribu riwaya mara kadhaa ujanani, na kila mara alisinzia kabla mtu wa kwanza hajafika huko alikokuwa akienda.

Mtu kama huyo ndiye aliyepewa mke msomaji.

Manjari alisoma akipika, akila, akisukwa nywele. Dengu za nyumba ile zilikuwa na ladha ya moshi hivi kwamba binti yao Tupur, alipokwenda kufanya kazi Bangalore, alilalamika kuwa dengu za huko hazijaiva. Vitabu vilikaa juu ya friji, chini ya kitanda, ndani ya kapu la viazi. Bhabatosh aliwaambia wateja wake kuwa wanawake wengine hulia wakiletewa mke mwenza, ila yeye ni mwanamume pekee Bardhaman aliyeletewa wenza, tena wanalala kitandani katikati. Wateja walicheka. Yeye mwenyewe alicheka kidogo tu. Siku paa la jirani lilipoporomoka kwa mvua, alirudi mbio kumpasha mkewe habari, akasimulia hadi mwisho, pamoja na habari ya mbuzi aliyefukiwa, naye Manjari akageuza ukurasa na kusema, "Mh. Vizuri."

Ndivyo walivyoishi miaka thelathini na ushei, bila ugomvi wa maana, yeye na makufuli yake, mkewe na kurasa zake, mpaka Tupur alipowalipia safari ya bahari.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Binti alimweleza baba yake kuwa hoteli iko Gopalpur, mchangani kabisa, na kwamba samaki wanayekupa mchana, asubuhi yake alikuwa bado anaogelea. Yaliyobaki hakuyasema. Alimjua baba yake. Bhabatosh akafunga duka, akafungasha mashali mawili, dawa za tumbo, na ile kofia ya sufu inayofunika masikio na shingo ikabakiza macho na pua tu, maana mtu wa Bengali akisikia upepo wa bahari hujiandaa kana kwamba anapanda Himalaya. Katika mfuko wa pembeni akatia bisibisi na kikopo kidogo cha mafuta. Hakuna safari aliyowahi kwenda bila hivyo viwili.

Treni iliwashusha Brahmapur, na bajaji ikawafikisha kwenye nyumba kuukuu ya ghorofa mbili, nyeupe, yenye vyuma vilivyoliwa na chumvi. Langoni paliandikwa Hoteli Akshara. Akshara ni herufi, na Bhabatosh alipaswa kushtuka papo hapo, lakini alikuwa anahesabu kutu kwenye bawaba za lango.

Mwenye hoteli alikuwa Bi Snehalata Pattanaik, mwalimu wa kemia aliyestaafu, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Wageni wote walimwita Mwalimu. Aliwapokea kwa maji ya madafu, akawaeleza taratibu za nyumba: hakuna televisheni, hakuna redio, simu zinalala ndani ya sufuria mapokezini hadi asubuhi, na chai ya jioni hunywewa juu, chini ya paa, kwenye chumba cha vitabu. Bhabatosh aliuliza kwa adabu habari za kriketi, kwani India ilikuwa inacheza wiki ile. Mwalimu akamjibu kuwa bahari nayo inacheza kila siku na haijawahi kuahirishwa kwa mvua.

Kila chumba cha hoteli ile kilipambwa kwa aina moja ya vitabu. Chumba cha Mapishi kilikuwa na mapazia yaliyoning'inizwa kwa vijiko. Katika Chumba cha Upelelezi nyayo zilichorwa kutoka mlangoni, zikapanda ukuta, zikatokea dirishani. Humo walikaa akina dada wawili kutoka Ranchi, Minoti na mdogo wake Bulu, wauguzi wastaafu, ambao kila Januari walikuja kusoma vitabu vya mauaji na kubishana ni nani aliyeua. Kwa wazazi wake Tupur alikuwa amewachagulia Chumba cha Mizimu. Neti ya kitanda ilikuwa nyeupe na ndefu mno, ukutani palikuwa na picha ya bibi kizee anayekutazama popote ulipo, na kabati halikuwa na kitu ila sari moja kuukuu iliyotundikwa peke yake.

Bhabatosh alisimama kizingitini na kofia yake, akatamani kigoda chake. Ndipo akamwona mkewe. Manjari alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imekumbatia kifua, anatazama rafu iliyojaa hadithi za mizimu kutoka sakafuni hadi darini, na uso umemchangamka kwa namna ambayo Bhabatosh hakukumbuka kuiona hata siku ya arusi yao. Kwa hiyo akavua viatu.

Alichoshindwa kukivumilia ni mlango. Ulilia. Ukiufungua uliguna polepole kutoka chini, ukapanda, ukamalizia kwa kilio chembamba cha mtu anayenyongwa. Usiku ule upepo uliusukuma mara nyingi, na kila ulipolia Manjari alitabasamu usingizini, naye Bhabatosh akasaga meno, kama mwanamuziki anayesikia ngoma iliyolegea. Asubuhi, mkewe alipokwisha kupanda kwenye vitabu, alitoa kikopo na bisibisi, akavua mashali, akapiga magoti. Alikaza, akapangusa, akatia matone mahali panapostahili. Mlango ukawa unafunguka kimya, laini, kama siagi. Akamalizia na kabati. Kisha akakaa barazani akingoja mtu aje kumshukuru.

Aliyekuja ni Mwalimu, akiwa na mashuka mkononi. Aliufungua mlango. Akaufunga. Akaufungua tena, akatega sikio.

"Kaka Kundu," alisema, "mlio wangu uko wapi?"

Bhabatosh alimweleza kwa fahari kuwa ameuondoa, na kwamba hadai kitu.

Mwalimu aliketi juu ya mashuka yake. Akaeleza, kwa upole wa kutisha wa mwalimu aliyewahi kuunguziwa maabara, kwamba mlio ule ulimchukua misimu kadhaa ya mvua kuupata. Kwamba alijaribu bawaba za kila aina na maji ya chumvi na hata siki. Kwamba watu hutoka Hyderabad kuja kulala nyuma ya mlango ule. "Na wewe umekuja na kikopo," akamaliza.

Ilikuwepo sheria ya nyumba, nayo ilibandikwa ukutani ambako Bhabatosh hakupitisha macho: mgeni anayeharibu kitu cha chumba chake huwasomea wenzake wakati wa chai. Mwaka uliotangulia Bulu alivunja lenzi ya Chumba cha Upelelezi akasoma jioni nzima huku sauti inakauka. Bhabatosh aliomba alipe bawaba mpya. Aliomba arekebishe mabomba yote ya hoteli. Mwalimu alikataa vyote, ila akamruhusu, kwa fidia ya ziada, kila asubuhi aisugue ile bawaba kwa sabuni na maji ya bahari mpaka ikumbuke yaliyopita.

Mchana kutwa hakula vizuri. Alimwomba Manjari amchagulie kitabu, chembamba, chenye maneno mafupi. Manjari alikuwa yuko mahali pabaya pa hadithi, mzimu ndio kwanza unaingia jikoni. "Mh," alisema.

Saa ya chai ilipofika, kule juu palikuwa na madirisha wazi pande zote, bahari inanguruma chini, na mezani bakuli la bisi za mchele na bagia za biringanya zilizotoka mafutani. Akina dada walikuwa wameshakaa na kujifunika mashali. Manjari alijikunja kwenye kiti cha pembeni na kitabu chake, kiasi kwamba ulimwona kisogo tu. Bhabatosh alipita kwenye rafu kama mtu anayenunua samaki asiowajua, akachukua kimoja chembamba, jalada la kijani, lina ua la dhahabu. Akaketi. Akavaa miwani. Akafungua.

Kilikuwa cha Kiodia, lugha ya watu wa pwani ile. Herufi zilikuwa mviringo mtupu, mstari baada ya mstari, zimejikunja kama jalebi kwenye sinia la muuza vitamu, na yeye hakujua hata moja.

Mtu mwenye akili angesema nimekosea, akarudisha. Lakini Minoti alikuwa ameshamwambia asome kwa sauti kwani sikio lake la kushoto lina pamba, na Bulu ameshauliza kama kuna maiti. Bhabatosh alitupa jicho kwa mkewe. Alikuwa anageuza ukurasa. Hata kuinua macho amwone akiaibika hakuona sababu. Hilo ndilo lililomchoma, na ndilo lililomfungua mdomo.

"Kimeandikwa Kiodia," alisema. "Nitawatafsiria."

Mwalimu alikuwa anamimina chai. Alikitazama kitabu, akamtazama msomaji, akatia sukari kijiko cha pili kwenye kikombe cha mtu asiyetumia sukari.

Bhabatosh akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza. Hadithi hakuijua hata moja, kwa hiyo alianza na kitu pekee alichokijua. Palikuwa na duka, alisema, katika mji fulani, nyuma ya stesheni, na ndani yake kijana muuza makufuli. Akaeleza duka lilivyonuka chuma na mafuta, na kijana alivyoweza kumjua mteja kwa kufuli analonunua: mwoga hununua kubwa, mwenye siri hununua dogo, na mwenye mali halisi hutuma mtu. Bulu akasema kuwa muuaji ni huyo kijana. Minoti akasema ni mapema mno, kwanza aonekane wa kuuawa.

Siku moja, aliendelea Bhabatosh, kidole chake kikitembea juu ya zile jalebi, siku ya mvua, aliingia dukani msichana aliyetaka kufuli la sanduku la bati. Alikuwa na kitabu wazi mkononi. Alisema anachotaka bila kuinua macho. Kijana akamuuliza ndani ya sanduku kutakaa nini, dhahabu au nguo? Vitabu, akajibu msichana. Wake za kaka zake huchana kurasa na kuwashia jiko. Akalisema hilo bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuegemeza nyuma ya goti mfano wa korongo, na sari inachuruzika maji, naye anasoma tu. Kijana akatandaza makufuli yote aliyokuwa nayo, hata yale ya maghala, ili achelewe kuchagua. Msichana akagusa moja bila kutazama, akalipa bila kupatana bei, akatoka mvuani akisoma.

"Kaka Kundu," alisema Mwalimu taratibu, "samahani, hapo umeruka aya. Kwenye Kiodia nadhani kuna maelezo ya kijana alivyojisikia."

Masikio ya Bhabatosh yaliiva ndani ya kofia. Akarudisha kidole juu ya ukurasa, akatafuta kwa muda mrefu. "Ni kweli," alisema. "Hapa imeandikwa kwamba hakuuza kitu kingine siku ile. Alikaa anafungua na kufunga kufuli moja, hata nyumbani, mpaka baba yake akamgombeza."

Akafunga kitabu, akasema ameishiwa sauti. Akina dada hawakukubali. Hakuna maiti, hakuna polisi, na kitabu kinafungwa? Ikaamuliwa aendelee kesho.

Usiku ule, Manjari aliweka kitabu chake kifuani, akauliza kile cha jalada la kijani kinaitwaje. Bhabatosh alisema jina limefutika. Manjari alisema, "Mh," lakini haikuwa ile mh ya siku zote. Ilikuwa ndefu zaidi, na nyuma yake haukugeuzwa ukurasa.

Kesho yake aliisugua bawaba kwa maji ya bahari mpaka vidole vikachubuka, akiomba kimoyomoyo ilie na adhabu ifutwe. Ikatoa sauti ndogo, kama panya mwenye mafua. Mwalimu alisema ni mwanzo mzuri, ila chai iko palepale.

Safari hii Manjari alikaa mezani. Kitabu chake kilikuwa mapajani, kimefungwa.

Bhabatosh alianza kwa haraka ili amalize. Kijana alimfahamu mwendesha riksho aliyembeba msichana na sanduku lake, kwa kuwa alikuwa akimuuzia minyororo. Akamuuliza nyumba ni ipi. Kisha akaenda kwa mama yake akasema tumbo linamuuma. Mama alimbonyeza tumbo, akamtazama machoni, akauliza jina la msichana. Baba mtu alipinga kutoka kitandani kwake, akasema kwamba binti anayesoma atawalisha dengu zilizoungua. Hapo Minoti akacheka, Manjari hakucheka. Na kwa kuwa katika uchochoro ule kijana kujichagulia mke ilikuwa fedheha, mama akapanga mambo. Akamfuata mshenga, akampa sari mpya, akamwelekeza amfikie mjomba wa msichana kwa kuzunguka, kupitia kwa rafiki wa rafiki, ionekane kuwa wazo limeanzia upande wa pili. Ikafungwa midomo. Hakuna aliyejua ila wazazi, mshenga na kijana. Na mshenga alikufa mwaka uliofuata.

"Kwa sumu," alisema Bulu.

"Kwa kisukari," alisema Bhabatosh.

Siku ya arusi, aliendelea, bibi arusi alipoyaondoa majani ya tambuu usoni kwake ili waonane, kama ilivyo desturi, kijana alingoja. Alidhani atamwona akishtuka, akikumbuka lile duka na mvua. Msichana alimtazama vizuri, kwa heshima, kama unavyomtazama mtu usiyemjua hata kidogo. Basi kijana akajiambia nitamweleza siku nyingine, tukishazoeana. Ikaja kesho yake. Ikaja kesho kutwa.

Hapo aliishia. Kidole kilikuwa kimefika mwisho wa ukurasa, naye hakuugeuza. Chini, mawimbi yalipiga. Bulu, ambaye hakupata kumgundua muuaji hata mmoja kwa miaka yote ya Akshara, alimtazama Bhabatosh, akamtazama Manjari, kisha akamfinya dada yake kwa nguvu.

"Mwandishi anasema kwa nini alinyamaza?" aliuliza Manjari. "Miaka yote hiyo?"

Bhabatosh hakuinua macho kitabuni. "Anasema mke alikuwa anasoma."

Manjari aliokota bisi moja, akaivunja katikati, akairudisha bakulini. "Huyo mwandishi kuna jambo halijui. Kufuli lile lilikuwa bovu. Lilikwama wiki ya pili tu, kaka wa yule msichana akalivunja kwa nyundo."

"Bovu?" Bhabatosh alivua miwani. "Lile la shaba, lenye ulimi mara mbili? Halikuwa bovu, Mama Tupur. Ulilisukuma bila kugeuza ufunguo. Nilikuambia kabisa geuza kwanza, na wewe hukusikia, ulikuwa unasoma!"

Mwalimu aliinua birika, akauliza kama hilo nalo limo kitabuni. Minoti na Bulu walisimama kwa pamoja, wakasema wanakwenda kuitazama bahari, ingawa ilionekana vizuri kabisa pale walipokaa.

Manjari naye alisimama. "Baba Tupur, vaa viatu," alisema. "Tukatembee."

Walitembea mchangani kuelekea mnara wa taa uliosimama mbali ufukweni, yeye na shali lake, mumewe na kofia yake ya Himalaya. Kisha Manjari akauliza maswali, moja moja, kama mtu anayepekua: alivaa sari rangi gani siku ile? Kitabu kilikuwa na jalada gani? Alisimama kwa mguu upi? Bhabatosh alijibu yote. Rangi ya nili. Jalada jekundu lililotoka kona. Mguu wa kulia.

Manjari akasimama, akatazama maji. Akamwambia kuwa miaka yote hii aliamini mjomba wake alimtoa ili nyumba ipungue mdomo mmoja. Aliwahi kuwasikia wake za kaka zake jikoni wakisema kuwa wamepata muuza misumari wa kumchukua, hata hakumwona kwanza, na afadhali. Alikwenda kwa mumewe kama mzigo uliopelekwa, na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mtu mwema asiyemkataza kitu, alijitafutia kona yake, akakaa humo na vitabu vyake asimsumbue.

"Nilikuwa sitaki kukuchosha," alisema. "Nilijua si wewe uliyenichagua."

Bhabatosh aliokota ganda la kombe, akaligeuzageuza mkononi. Aliyajua makufuli ya kila namna, lakini hilo hakuwahi kulishuku. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo kuwa alitandaza hata makufuli ya maghala.

"Ungeniambia, Baba Tupur."

"Ningekuambia saa ngapi?"

Manjari alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Kati ya sura na sura," alisema, na hapo wakaanza kucheka wote wawili, wakacheka mpaka Bhabatosh akalazimika kuvua kofia, na muuza karanga aliyekuwa anapita akawakwepa.

Siku zilizobaki zilikwenda haraka. Sheria ilikuwa imetimizwa, lakini kila jioni akina dada walimdai kurasa zaidi, naye akawatafsiria habari za mzee mmoja wa Bardhaman aliyenunua kufuli kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa mkwewe, na za fundi aliyejifungia ndani ya sefu kwa makusudi ili asiende arusini. Maiti hakupatikana, ijapokuwa Bulu alimwachia nafasi kila baada ya sentensi. Manjari alimsahihisha hapa na pale, akisema kwamba mwandishi ametia chumvi.

Asubuhi ya kuondoka, Mwalimu aliwarudishia simu zao kutoka kwenye sufuria. Alimshika Bhabatosh mkono, akamwambia kuwa kitabu cha kijani amekisoma mara nyingi tangu akiwa msichana, kwani kiliandikwa na babu yake, na hakina duka wala arusi wala mvua. Ni kitabu cha kufuga nyuki. "Lakini tafsiri yako, Kaka Kundu, inakishinda," alisema. Bhabatosh aliona aibu hadi Brahmapur, kisha akaanza kuona fahari, na treni ilipofika Howrah alikuwa ameshamsimulia abiria mwenzao.

Riwaya hajasoma mpaka leo. Alijaribu tena, ya mapenzi, aliyopewa na Manjari mwenyewe, na mtu wa kwanza alikuwa bado yuko kituoni anangoja treni wakati msomaji alipoanza kukoroma. Dengu za nyumba ile zinaungua vilevile. Kilichobadilika ni kwamba saa za alasiri, uchochoro unapopoa, Manjari huja dukani na kitabu chake, huketi kwenye kigoda cha pili kilichonunuliwa kwa ajili yake, na mumewe anapokwenda kunywa chai ng'ambo ya pili yeye ndiye huuza. Huuza bila kuinua macho. Mtu akiomba bawaba ya kushoto hupewa ya kulia, akiomba kitasa hupewa komeo, na akiuliza swali hujibiwa, "Mh."

Wateja hurudi wakinung'unika. Bhabatosh huwabadilishia vitu vyao kimyakimya pale mlangoni, kabla hawajafika kaunta, na huwaomba, kama hawaoni taabu, wapunguze sauti kidogo.